Kushusha Nyuzi Senti Chache: Namna ya Kulifanya Gitaa Lipatane Zaidi

Tyuna, kile chombo cha kupimia sauti ya nyuzi, imewaka kijani kwenye nyuzi zote sita. Unacharaza kodi ya E, inatoka safi. Unahamia G, na uzi wa 2 unaanza kukuna sikio. Unaukaza na kuulegeza mpaka G inatulia, kisha ukirudi E kuna kitu kimeharibika. Mikono yako haina kosa, na tyuna haijadanganya. Gitaa limeundwa hivyo: haliwezi kupatana kikamilifu katika kodi zote kwa wakati mmoja. Unachoweza kufanya ni kuchagua kosa likae wapi, na hilo hufanyika kwa kushusha baadhi ya nyuzi senti chache chini ya pale tyuna inapotaka.

Maneno mawili tuyaweke sawa kabla ya kuanza. Kodi hapa ni ile ya muziki, noti tatu au zaidi zinazolia pamoja, na senti ni kipimo cha kimo cha sauti, yaani iko juu au chini kiasi gani. Hazina ya serikali haihusiki. Oktava moja, kutoka do hadi do inayofuata, ina senti 1200, na kila freti, yaani kila kijichuma kilichokatiza shingo, ni senti 100. Nyuzi tunazihesabu kutoka chini ya mkono: uzi wa 1 ni E nyembamba, uzi wa 6 ni E nene.

Kosa linatoka wapi

Aliyewahi kuimba kwaya anajua do, mi na so. Hizo ndizo noti tatu za kodi ya meja. Sauti zikipatana kwa asili yake, kutoka do hadi so ni senti 702, na gitaa linatoa 700. Tofauti ya senti 2 haimsumbui mtu. Kutoka do hadi mi, asili ni senti 386, ila freti nne za gitaa ni senti 400 kamili. Kwa hiyo mi ya gitaa inakaa juu kwa karibu senti 14, na hiyo sikio linaisikia. Kwaya inayoimba bila kinanda huishusha mi yenyewe bila kuambiwa. Mpiga fidla au udi husogeza kidole, maana vyombo hivyo havina freti. Freti za gitaa zimekazwa kwenye shingo, kwa hiyo pa kurekebishia ni kwenye funguo za kichwani tu.

Ukitaka kulisikia kosa lenyewe, piga uzi wa 3 na wa 2 pamoja bila kubonyeza popote. Hiyo ni G na B. Gitaa likiwa sawasawa na tyuna, utasikia sauti ikipanda na kushuka kwa kasi, wau-wau-wau, karibu mara 8 kwa sekunde. Uzi wa G unatetema mara 196 kwa sekunde na wa B mara 246.94. Sauti ndogo ya juu iliyofichwa ndani ya G, yenye mitetemo 980, inagongana na ile ya B yenye 987.76, na tofauti yake ndiyo wau-wau unayoisikia. Shusha B senti 5 na wau-wau itapungua hadi karibu 5 kwa sekunde. Shusha karibu senti 14 na itatulia kabisa, lakini kwa bei ambayo tutaiona baadaye.

Chanzo cha pili hakihusiani na hesabu za muziki. Unapobonyeza uzi hadi kwenye freti unauvuta kidogo, na uzi uliovutwa hupanda. Freti za 1 hadi 3 ndizo zinazoumia zaidi, hasa kwenye uzi wa 3 wa gitaa la umeme, ambao ni mnene na haujazungushiwa waya. Isitoshe, uzi ukipigwa kwa nguvu huanza juu ya sauti yake kisha hushuka unapotulia. Uzi wa 6 ndio mkorofi kuliko wote katika hilo.

Makosa haya mawili yanajumlishana. Mi ambayo tayari iko juu kwa senti 14 inaongezewa 5 nyingine kwa sababu imebonyezwa kwenye freti ya 1. Ndiyo maana tiba ya kushusha inaelekea upande mmoja karibu kila mara. Ni nadra sana kuhitaji kupandisha uzi juu ya sifuri, yaani juu ya pale tyuna inapotaka.

Hatua ya 1: Gitaa lenyewe kwanza

Kushusha nyuzi hakuponyi gitaa lililowekwa vibaya. Ukiruka hatua hii utakuwa unapima kosa moja leo na lingine kesho.

Weka nyuzi mpya. Uzi uliochakaa, wenye kutu au uliobonyea mahali zinapokaa freti, hauna uzito sawa kwa urefu wake wote, na hakuna namba itakayouweka sawa. Ukishazifunga, zivute kwa mkono taratibu, uzi mmoja mmoja, kisha tyuni, kisha vuta tena. Rudia mpaka uvutaji usishushe sauti tena. Kwa kawaida ni mara tatu au nne.

Kagua kile kipande chenye mifereji sita kilicho kati ya kichwa na shingo. Hapa tutakiita nati. Bonyeza uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, kisha uangalie nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya 1. Inatakiwa iwe nyembamba mno, kiasi cha kuona mwanga tu na kusikia mgongano mdogo ukiugonga uzi kwa kidole. Nafasi ikiwa kubwa, mfereji uko juu mno na noti za freti ya 1 zinaweza kupanda senti 10 na zaidi. Hili ndilo tatizo linalodhaniwa mara nyingi kuwa ni la tyuna. Mfereji huchimbwa kwa tupa yenye upana wa uzi husika, kidogo kidogo. Ukipitiliza, uzi wazi utavuma kwenye freti ya 1 na itabidi nati ibadilishwe. Kama huna tupa hizo, mpe fundi. Kisu cha jikoni na sindano hazifai.

Kisha kijidaraja cha kila uzi, pale nyuzi zinapoegemea upande wa tumbo la gitaa. Piga hamoniki ya freti ya 12, yaani gusa uzi juu ya freti hiyo bila kuubonyeza, halafu bonyeza freti hiyohiyo na upige tena. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu kuliko hamoniki, rudisha kijidaraja nyuma kwa skrubu yake, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Legeza uzi kidogo kabla ya kukisogeza, tyuni upya, pima tena. Ukifikia tofauti ya senti 1 au 2, inatosha. Gitaa la akustika, lile lisilo la umeme, halina skrubu hizo, mfupa wa daraja ni mmoja na umeshakatwa, kwa hiyo utaandika tofauti iliyopo na kuendelea. Hiyo ni sababu moja inayofanya kushusha nyuzi kuwe na faida zaidi kwenye akustika.

Mwisho, mafuta ya bure: ingiza ncha ya penseli kwenye mifereji ya nati na uizungushe. Unga wa penseli huufanya uzi upite bila kunasa. Ukisikia mlio mdogo wa “tik” unapokaza, uzi umenasa. Katika kazi ya senti 3, uzi unaonasa ni adui mkubwa.

Hatua ya 2: Tyuna inayoonyesha namba

Taa ya kijani peke yake haitoshi. Tyuna nyingi ndogo za kubana kichwani huwasha kijani hata uzi ukiwa nje kwa senti 2 au 3, na hizo ndizo senti tunazozitafuta. Unahitaji chombo kinachoonyesha senti kwa namba au kwa mistari iliyo wazi. Programu nyingi za simu hufanya hivyo. Tyuna za strobo, kama zile za Peterson, husoma hadi sehemu ya kumi ya senti, na baadhi yake zina seti za kushusha nyuzi zilizopangwa tayari ndani yake.

Kama tyuna yako haina namba lakini inakuruhusu kubadili kipimo cha A, kuna njia ya kuizunguka. Kutoka A=440 kwenda 439 ni kushuka senti 4 hivi. 438 ni senti 8, na 437 ni karibu 12. Ukitaka uzi wa 3 uwe chini kwa senti 4, weka tyuna 439, tyuni uzi huo hadi kijani, kisha irudishe 440 kwa nyuzi nyingine.

Na ile njia ya kulinganisha hamoniki ya freti ya 5 na ya 7, iache kabisa kwa kazi hii. Inaonekana ya kitaalamu na kwa kweli ndiyo inayoharibu. Hamoniki ya freti ya 7 ni so ya asili, senti 702, wakati freti zako zimejengwa kwa 700. Ukianzia uzi wa 6 kwenda wa 5, wa 4, hadi wa 3, unapoteza senti 2 kila unapovuka, na G yako inaishia chini kwa karibu senti 6. Halafu ukichukua B kutoka hamoniki ya freti ya 7 ya uzi wa 6, inakuwa juu kwa senti 2. Kati ya G na B sasa kuna senti 408. Ulitaka kuikaribia 386, umeikimbia 400 kwa kwenda upande usiofaa.

Hatua ya 3: Pima gitaa lako

Namba za mtu mwingine ni za gitaa lake, nyuzi zake na vidole vyake. Kwa hiyo pima. Shika gitaa kama unavyolipiga, usililaze mezani. Shingo hukaa tofauti kidogo ukililaza, na mkono wako hubonyeza tofauti. Tyuni nyuzi zote kwenye sifuri. Kila mara fikia noti kutoka chini: legeza hadi upite chini ya lengo, kisha kaza hadi ufike. Ukiifikia kwa kulegeza, uzi utabaki na ulegevu kwenye ufunguo na utashuka tena baada ya kodi mbili tatu.

Sasa chukua uzi mmoja mmoja. Soma uzi wazi, kisha freti ya 1, ya 2 na ya 3, ukibonyeza kwa nguvu yako ya kawaida. Zima nyuzi za jirani kwa kiganja ili tyuna isichanganyikiwe. Andika namba zote.

Kuna swali la wakati gani wa kusoma. Sauti ikianza juu na kushuka, ipi ni ya kweli? Inategemea unavyopiga. Anayecharaza ridhimu ya haraka, wasikilizaji wake husikia ule mwanzo tu, kwa hiyo apige kwa nguvu yake ya kawaida na asome namba ya mwanzo. Anayedonoa taratibu na kuacha noti zilie, asome baada ya sauti kutulia. Kwenye uzi wa 6 tofauti ya hizi mbili huwa kubwa kiasi cha kubadili uamuzi wako.

Hatua ya 4: Gawa kosa

Tuseme uzi wa 3 umesoma hivi: wazi 0, freti ya 1 juu kwa 6, ya 2 kwa 4, ya 3 kwa 3. Jumla ni 13. Gawa kwa sehemu nne ulizopima: 3.25. Basi uzi huo unaushusha senti 3. Uzi wazi utakuwa chini kidogo, freti ya 1 itakuwa juu kidogo, na hakuna noti itakayokuwa mbali na ukweli kwa zaidi ya senti 3. Fanya hesabu hiyo kwa kila uzi.

Ukipata zaidi ya 6 kwenye uzi wowote, rudi hatua ya 1. Mfereji wa nati bado uko juu, au unabonyeza kana kwamba unaua mbu. Vidole vizito kwenye gitaa lenye freti ndefu hupandisha noti senti nyingi, na dawa yake ni kulegeza mkono.

Hatua ya 5: Tafuta mi iko uzi gani

Hapa ndipo kazi ilipo. Hatua ya 4 imeondoa kosa la uzi kuvutwa. Bado kuna zile senti 14 za mi, na hizo huwezi kuziondoa zote. Unaweza kuzipunguza pale zinaposikika sana. Swali ni moja tu: katika kodi unazozipiga, mi inakaa kwenye uzi upi?

Kwenye E ya wazi, mi ni G# iliyo uzi wa 3, freti ya 1.
Kwenye A, ni C# iliyo uzi wa 2, freti ya 2.
Kwenye D, ni F# iliyo uzi wa 1, freti ya 2.
Kwenye G, ni B: moja uzi wa 5 freti ya 2, nyingine uzi wa 2 wazi.
Kwenye C, ni E: moja uzi wa 4 freti ya 2, nyingine uzi wa 1 wazi.
Kwenye F, ni A iliyo uzi wa 3, freti ya 2.

Ukiitazama orodha hiyo utaona ugomvi ulipo. Kuifanya E iwe tamu unashusha uzi wa 3. Lakini kwenye G uzi huohuo ni do, na ukiushusha do, mi inazidi kuonekana juu. Uzi wa 2 unatamani kushuka kwa ajili ya A na G, ila kwenye D ule uzi ndio do iliyo freti ya 3, na kwenye C ni do ya freti ya 1. Hakuna seti ya namba inayowaridhisha wote.

Kwa hiyo fuata ufunguo wa wimbo, yaani ile kodi ambayo wimbo unarudi kutulia. Namba zifuatazo jumlisha na zile za hatua ya 4, lakini usiruhusu uzi wowote upite −8 kwa jumla.

Wimbo ulio katika E: uzi wa 3 ongeza −5, nyingine ziache. E itatulia vizuri sana. Gharama yake ni G na Em (E ya maina).

Wimbo ulio katika A: uzi wa 2 ongeza −5, uzi wa 3 −3. A inakuwa laini, na E bado inapata nafuu yake.

Wimbo ulio katika D: uzi wa 1 ongeza −5, uzi wa 2 −3. Angalia G ya freti ya 3 kwenye uzi wa 1; itasikika chini dhidi ya G ya uzi wa 3. Ikikukera, punguza hadi −3.

Wimbo ulio katika G: uzi wa 2 ongeza −5, uzi wa 5 −3. Kinachoumia ni D, kwa sababu do yake ya juu inakuwa chini ya uzi wa 4 kwa senti 5.

Wimbo ulio katika C: uzi wa 1 ongeza −4, wa 4 −3, wa 3 −3. Hii ndiyo yenye faida ndogo kuliko zote. Wapigaji wengi wakifika hapa huacha namba za hatua ya 4 kama zilivyo.

Na asiyetaka kubadili kila wimbo? Seti ya wastani ya kuanzia, kutoka uzi wa 6 hadi wa 1, ni −4, −3, −2, −3, −5, −1. Hizi ni namba kamili, usizijumlishe na nyingine. Kwenye E, A na G itakupunguzia ukali. D haitapona: kati ya uzi wa 2 na wa 1 mi itakuwa juu zaidi kwa senti 4 kuliko kawaida. Kama nyimbo zako nyingi ziko D, acha uzi wa 2 kwenye −2 na ushushe wa 1 hadi −4.

Kodi za maina, zile zenye sauti ya huzuni na zinazoandikwa kwa m ndogo, zinakwenda kinyume. Noti yake ya kati kwa asili iko senti 316 kutoka chini, na gitaa linatoa 300, tayari iko chini kwa senti 16. Kwenye Em noti hiyo ni uzi wa 3 wazi. Kwenye Am ni uzi wa 2 freti ya 1. Kwenye Dm ni uzi wa 1 freti ya 1. Kila unapozishusha nyuzi hizo kwa ajili ya meja, maina inazidi kuzama. Kwa bahati sikio huivumilia maina kuliko meja, lakini wimbo wa huzuni ulio katika Em, wenye uzi wa 3 kwenye −6, utasikika mgonjwa. Kwa nyimbo za maina baki na hatua ya 4.

Hatua ya 6: Jaribu

Piga kodi zako zote taratibu, ukiacha kila moja ilie sekunde tatu. Sikiliza oktava kuliko kitu kingine: uzi wa 6 wazi, uzi wa 4 freti ya 2, na uzi wa 1 wazi. Zote ni E. Oktava ikipishana kwa senti 5 na zaidi, gitaa zima linaanza kusikika kama limechoka, hata kama mi ni tamu. Hapo gawa upya. Badilisha senti 1 au 2 kwa mara moja, uzi mmoja, kisha rudia kodi zote. Anayegeuza funguo tatu kwa pamoja hajui kilichosaidia.

Pumzisha masikio. Baada ya dakika ishirini za kusikiliza wau-wau, kila kitu kinasikika kibovu. Andika namba zako, acha, uzijaribu tena baadaye.

Namba za James Taylor

Seti inayonakiliwa sana ni ya James Taylor wa Marekani, ambaye ameieleza hadharani: kutoka uzi wa 6 hadi wa 1 ni −12, −10, −8, −4, −6, −3. Watu huziingiza kwenye tyuna bila kuuliza ni za nini. Taylor anadonoa kwa vidole kwenye akustika na hutumia sana kapo, kile kibanio kinachofungwa shingoni. Kapo hubana nyuzi zote na kuzipandisha, hivyo zote zinaanzia chini ya sifuri. Nyuzi nene ziko chini zaidi kwa sababu ndizo zinazopanda zaidi zikibanwa na zikipigwa.

Tazama uwiano wenyewe. Kati ya uzi wa 6 na wa 1 kuna tofauti ya senti 9. Bila kapo, na kwa mdono mwepesi, hizo ni wau-wau karibu mbili kwa sekunde kati ya E mbili ambazo zingetakiwa kuwa kitu kimoja. Ukitaka kuzijaribu ukiwa na wenzako, ongeza 3 kwa kila uzi: −9, −7, −5, −1, −3, 0. Uwiano unabaki uleule, ila uzi wa 1 unakaa kwenye sifuri kama wenzako.

Ukitumia kapo, kanuni bora kuliko namba za mtu yeyote ni hii: funga kapo karibu na freti, usikaze kuliko inavyohitajika, halafu tyuni ukiwa nayo tayari shingoni.

Mtyuno wa wazi na slaidi

Hapa kushusha kunafanya kazi kuliko popote. Gitaa likityuniwa kodi moja kwa nyuzi wazi, mi inabaki uzi uleule kokote utakakokwenda na slaidi, kile kibomba cha kioo au chuma kinachoteleza juu ya nyuzi. Kwenye G ya wazi, yaani D G D G B D kutoka uzi wa 6, mi ni uzi wa 2. Kwenye D ya wazi, D A D F# A D, mi ni uzi wa 3. Ushushe senti 10 hadi 14, na zile nyuzi za so zipandishe senti 2 ukipenda. Kodi itatulia mpaka ushangae.

Tatizo linaingia unapochanganya slaidi na vidole. Kwenye G ya wazi, ukibonyeza uzi wa 2 freti moja juu, mi imegeuka C, do ya kodi nyingine, nayo iko chini kwa senti 14. Hiyo inasikika mara moja. Anayefanya hivyo sana ashushe senti 6 au 7 tu.

Distoshoni, bendi na studio

Distoshoni, ule mkwaruzo unaoongezwa kwenye sauti ya gitaa la umeme, huzikuza zile wau-wau hadi ziwe mngurumo. Ndiyo maana kodi ya do na so peke yake hupendeza kwenye distoshoni, na mi ikiingia inakuwa tope. Kushusha uzi wenye mi senti 5 kunasikika wazi zaidi hapo kuliko kwenye sauti safi.

Ukiwa na kinanda, usipite −5 popote, maana kinanda hakishuki. Magitaa mawili yanayopiga kodi zilezile yatumie seti moja. Likiwa moja kwenye sifuri na lingine kwenye −6, mmezalisha kosa jipya ambalo halikuwepo. Mpiga besi naye akumbuke kwamba uzi wako wa 6 uko chini kidogo. Anayebaki kwenye sifuri kamili atasikika juu kwenye noti ndefu, na njia rahisi ni wewe kuupandisha uzi huo hadi −2.

Studio ni jambo lingine. Pale unarekodi sehemu moja kwa wakati, kwa hiyo tyuni kwa ajili ya sehemu hiyo tu: ikiwa ni kodi mbili zinazorudiwa, zifanye hizo mbili ziwe tamu na usijali nyingine zinaumiaje.

Gitaa lenye daraja linaloelea kwa springi linahitaji subira zaidi. Kila uzi unaougusa hubadili mvuto wa zingine, hivyo zunguka nyuzi zote sita mara mbili au tatu kabla ya kuamini namba. Na ukibadili unene wa nyuzi, tuseme kutoka seti ya 9 kwenda ya 10 (namba hizo ni unene wa uzi wa 1), rudi hatua ya 1: vijidaraja vimehama mahali pake, mifereji ya nati inashika tofauti, na namba ulizoziandika ni za gitaa ambalo halipo tena.